Kengele ya Bihogo

Deodatus, jirani wa upande wa bondeni, anasema aliona kwa macho yake mawili. Anasema Benadeta binti Eliud alitoka alfajiri na kaka yake, wamebeba chuma kirefu chenye sahani chini, pana kama sufuria ya kukaangia senene, wakaingia bustani ya kata hapo Kiruruma, na kile chuma kikaanza kunusa. Kikanusa maua, kikanusa mabenchi, mwisho kikalia kama mtoto wa mbuzi aliyekanyagwa. Wakachimba. Likatoka sanduku la Mjerumani lenye kufuli, na ndani yake, anasema Deodatus akiinamisha kichwa na kushusha sauti, dhahabu. Ndiyo sababu alikuja yule mwanamke wa serikali na pikipiki kutoka Kayanga. Ndiyo sababu siku hizi kwa Eliud kuna kitu kinalia. "Na maskini," humalizia, "halizi vyuma nyumbani kwake." Hapo hutazama kikombe chake kitupu, ili mwenye pombe ya rubisi aelewe.

Chuma kilikuwepo, ni kweli. Pikipiki ilikuja. Kitu kinalia mpaka leo. Yaliyobaki ni ya Deodatus na kikombe chake.

Jambo lenyewe lilitoka kwa Bibi Komujuni, mama yake Eliud. Macho ya bibi huyu yaliingia ukungu kidogo kidogo, na mwaka huu yakafunga kabisa. Tangu yafunge, masikio yakachukua kazi zote. Aliketi barazani kwenye mkeka akajua nani anapita njiani kwa kishindo cha buti zake, akajua kahawa imekauka au bado kwa namna inavyosikika ikichotwa. Benadeta ndiye aliyelala naye chumba kimoja. Alimaliza darasa la saba, akabaki na kibanja cha migomba, na kahawa, na Bibi, wala hakujiona amepungukiwa. Alikuwa mtu wa kutazama jambo mpaka jambo lenyewe lichoke kujificha.

Siku moja walikuwa wanamenya ndizi, Bibi akasema, "Nimesikia vyote vya dunia hii. Kimebaki kimoja."

"Kipi hicho, Bibi?"

"Kengele ya Bihogo."

Benadeta aliijua hadithi hiyo tangu ananyonya. Bibi Komujuni alitoka Kimuli, kwa watu wa ng'ombe, akaolewa huku Kiruruma kwa watu wa ndizi. Siku ya kumtoa, baba yake mzee Nuwamanya alimpa ng'ombe mmoja, jike mwenye rangi ya udongo mwekundu, ndiyo maana akaitwa Bihogo, na shingoni akamfunga kengele ya chuma iliyofuliwa kwa mhunzi. Akamwambia bintiye, ukisikia hii hujafika ugenini. Kisha siku moja kengele ikadondoka malishoni, ikatafutwa, ikakosekana. Bihogo akaja kufa kwa uzee. Eliud alipokuwa mwenye nyumba aliendelea na ng'ombe kwa muda, lakini wakala miche yake ya kahawa, akawauza wote, zizi akaligeuza shamba. Tangu hapo ukimtajia ng'ombe, jibu lake lilikuwa hapana, na lilitoka kabla swali halijafika mwisho.

Na yale malisho, ule rweya wa kijiji kizima, sehemu yake moja pamoja na ukingo wake wa chini ndiyo iliyokuja kuwa bustani ya kata: mjakaranda katikati, mabenchi ya saruji, maua yamepandwa kwa mstari, na watu wanaongoja huduma ofisini wamekaa kivulini.

Mambo yangeishia kwenye maganda ya ndizi kama Dastan asingerudi. Dastan ni kaka yake Benadeta, alikuwa kwenye machimbo ya bati huko Kyerwa, akarudi na mashine ya kusakia madini, ile wachimbaji wanayoiita ditekta. Bati hakupata la maana, lakini mashine ilikuwa nzima.

"Inasikia chuma?" Benadeta akamuuliza.

"Inasikia hata msumari uliolala."

Benadeta akamweleza. Dastan akacheka, akapiga paja. "Hiyo ni kazi ya muda wa kupiga mswaki! Alfajiri tunaingia, mtendaji anakoroma, kunakucha tuko nyumbani tunakunywa chai."

"Bustani ni ya watu wote, Kaka."

"Na sisi si watu?"

"Halafu Bibi akishapewa, ataipigia wapi? Chini ya blanketi?"

Kutoka barazani Bibi akamjibia Dastan. "Kengele ya kuiba huzibwa mdomo. Mimi nimeziba vya kutosha. Nendeni mkaombe."

Eliud, aliyekuwa anafunga mzigo wa majani ya kutandaza shambani, hakuinua kichwa. "Kengele bila ng'ombe," alisema, "ni ya nini?"

Mwenyekiti wa kijiji akawaambia bustani si yake, ni ya kata. Wakaenda kata. Mtendaji, Bwana Gaudiosus, alikuwa mtu nadhifu, kalamu mbili mfukoni, na ile bustani aliipanda mwenyewe kwa mikono yake. Watu walisema mkewe anaionea wivu.

"Shikamoo, mtendaji."

"Marahaba. Hiyo mashine ibaki nje." Aliitazama kupitia dirishani kama mtu anayemtazama mbwa wa mgeni. "Mnataka nini? Rupia za Mjerumani? Juzi tu nimefukia shimo chini ya mjakaranda wangu. Mtu kaota babu yake anamwonyesha kwa kidole."

"Sisi hatujaota, mtendaji," Benadeta akasema. "Bibi yupo hai, ukitaka umuulize."

Akamsimulia habari ya kengele, taratibu, bila kuruka. Bwana Gaudiosus alisikiliza, na uso wake ukalegea kidogo, lakini kidogo tu.

"Binti, nikueleze. Ardhi hii ni ya umma, na chini yake ni ya umma vilevile. Ukikuta kitu cha kale, si chako wala si changu, kina wenyewe wanaoshughulika na mambo ya kale. Ukikuta madini, hao ni wengine tena. Mimi mamlaka yangu yanaishia kwenye majani."

"Sasa kengele ya Bibi iko kwa nani?"

Mtendaji akakuna shingo. "Hilo ndilo swali la kupeleka Kayanga. Nenda kwa afisa utamaduni wa wilaya. Akiandika kwamba ndiyo, mimi nitasema ndiyo. Ila mtu asikanyage maua."

Njiani Dastan alilalamika mpaka akachoka. "Kitu cha kwetu tukaombe kwa mgeni! Tungekuwa tumeshamaliza."

"Tungekuwa tumemaliza nini? Hujui hata ilipo."

Kayanga walimkuta afisa utamaduni, dada mmoja anaitwa Laurensia, mpole wa sauti ila hapitwi na neno. Aliuliza kengele ilikuwa ya nani, ilipotea ikiwa kwenye ng'ombe wa nani, nani aliyeiona ambaye bado anaishi. Benadeta akajibu, na pale asipojua akasema sijui.

"Vizuri," Laurensia akasema. "Kitu cha wazee wa zamani sana kikitoka ardhini kinakuwa cha taifa, tunakihifadhi. Lakini kitu chenye mwenyewe aliye hai ni cha mwenyewe. Kazi ni kujua kipi ni kipi. Kwa hiyo mkiigusa, hamtaitoa ardhini mpaka Bibi aniambie mimi kwanza ikoje. Akisema na ikatoka hivyo hivyo, ni yake. Ikitoka tofauti, mtaniachia."

Benadeta akaegemea mezani. "Hata kama ni kengele?"

"Hata kama ni kengele, ndugu yangu."

Akaandika ruhusa: wachimbe mchana, mtendaji awepo, shimo lisizidi kina cha kiwiko, lifukiwe siku hiyo hiyo, na wabaki upande wa juu wa bustani, kwa kuwa huko ndiko familia iliposema ilipotelea, rweyani. Benadeta akaishika ile karatasi kwa mikono miwili mpaka nyumbani.

Siku ya kutafuta watu walijaa kama wanasubiri mgombea. Deodatus alikuwa wa kwanza, amejiletea kigoda. Dastan akavaa hedifoni, akawa anatembeza ile sahani juu ya majani kama mtu anayefagia bila fagio. Mashine ikalia. Benadeta akachimba kwa kijembe chake cha kupalilia: kizibo cha soda. Ikalia tena: kizibo. Ikalia kwa nguvu, watu wakasogea, Deodatus akasimama: kijiko.

"Cha Mjerumani hicho!" akapaza sauti.

"Cha harusi ya mwanao," mama mmoja akamjibu, "mlivyokula hapa mkasahau vyombo." Watu wakaangua kicheko, na hata mtendaji akageuka pembeni kufuta mdomo.

Mpaka jua lilipoanza kuuma walikuwa wamepata rundo la vizibo, misumari, kipande cha bati na betri iliyooza. Kengele hakuna. Upande wote wa juu ulikwisha. Watu wakaanza kuondoka. Dastan akavua hedifoni. "Haipo, Bena. Labda mtu aliiokota zamani, akaiyeyusha."

Benadeta alifukia shimo la mwisho, akalikanyaga vizuri, akarudisha majani juu yake. Nyumbani alikaa karibu na Bibi, akamchambulia maharage, na kati ya harage moja na jingine akauliza kama anayepitisha muda tu, "Bibi, ile siku kengele ilipodondoka, wewe ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya Bihogo, na fimbo yangu."

"Ulisikia ikianguka?"

"Ningesikiaje?" Bibi akacheka. "Ilikuwa imezibwa."

Mkono wa Benadeta ukasimama kwenye ungo. Kuziba kengele alikujua, kila aliyewahi kukaa karibu na wafugaji alikujua. Ng'ombe akipita kando ya migomba ya watu, unasokota jani kavu la mgomba unalisukumiza ndani ya kengele, kipigio kisicheze. Kwa sababu mwenye shamba akisikia kengele hutoka na kuhesabu majani yaliyoliwa, hata kama yameliwa na mbuzi wake mwenyewe. Ng'ombe asiye na sauti hana kesi. Ukishatoka mashambani, unazibua.

"Mlikuwa mnazibulia wapi?"

"Kwenye jiwe la chumvi. Lile bapa. Wanalamba chumvi, sisi tunazibua, ndipo tunaingia rweyani. Siku hiyo nimefika jiweni naingiza mkono nizibue, nakuta shingo tupu."

Basi hapo ndipo jambo lilipochoka kujificha. Familia nzima, miaka yote, ilisema kengele ilipotelea rweyani, kwa sababu ndiko ng'ombe walikokuwa wanakwenda. Lakini kengele haikufika rweyani. Ilianguka kabla ya jiwe, kimya, na jani lake mdomoni. Na jiwe bapa Benadeta alilijua, watu walilikalia kila siku: mtendaji alijengea benchi juu yake kwa kuwa lilikuwa limeshanyooka lenyewe. Upande wa chini wa benchi hilo, njia ya zamani ya ng'ombe ilikopita, palikuwa na maua.

"Ni hatua chache tu!" Dastan akasema aliposikia. "Ruhusa tunayo, mashine tunayo. Nani atapima?"

"Ruhusa imeandika upande wa juu."

"Bena, utatuzeesha."

"Bibi amezeeka na bado anangoja. Wewe utashindwa?"

Benadeta akarudi kwa mtendaji. Bwana Gaudiosus aliposikia neno maua alikaa chini. "Zile kanna zangu nyekundu?"

"Nitazing'oa na udongo wake, mtendaji, nitazirudisha mwenyewe. Na nitazimwagilia mpaka zishike."

"Na zikifa?"

"Nitakuletea mbolea ya kahawa na miche mingine, na utanitukana utakavyo."

Mtendaji akapiga simu Kayanga. Laurensia akasema hilo halibadilishwi kwa simu, atakuja mwenyewe. Haikuwa kesho wala keshokutwa. Benadeta alipalilia, alianika kahawa, alisubiri. Na kila pikipiki ilipopita njiani, Bibi aligeuza sikio.

Ndipo pikipiki ya Kayanga ikaja, katikati ya mchana, jua kali, si alfajiri. Safari hii Bibi Komujuni mwenyewe alipelekwa bustanini, akaketishwa kwenye benchi lililo juu ya jiwe lake. Alishusha mkono akalipapasa ubavu, pale saruji ilipoishia. "Umenona," akaliambia.

"Shikamoo, Bibi," Laurensia akasema. "Niambie ikoje."

"Marahaba, waitu, mtu wetu. Ni ndefu kama kiganja changu na vidole. Mhunzi aliikunja kutoka bamba moja, kwa hiyo ina mshono ubavu mmoja tu. Mdomo una pengo. Bihogo aliigonga kwenye jiwe hili hili, siku ya kwanza, alikuwa hataki ugeni." Akaligonga jiwe kwa kidole. "Na ndani kuna jani. Niliweka mimi."

Laurensia akaandika. Benadeta akang'oa kanna moja moja na udongo wake, akazipanga kivulini, mtendaji akihesabu kwa midomo bila sauti. Dastan akapitisha mashine. Kizibo. Akapitisha tena. Mashine ikatoa mlio mwingine kabisa, mzito, wa chini, na Dastan akaacha utani. Benadeta akachimba kwa kijembe, halafu kwa vidole. Aliona ukingo mwekundu wa kutu. Hakuuvuta. Akainua uso akamtazama Laurensia, mpaka Laurensia alipotikisa kichwa kumkubalia.

Ilitoka imejaa udongo kama kikombe kilichojaa uji. Mshono ubavu mmoja. Mdomo una pengo. Laurensia aliigeuza mkononi, akachokonoa udongo kwa kijiti, polepole, na katikati ya udongo mwekundu ukatokea weusi laini, kama chai iliyochujwa, wenye mistari myembamba. Kilichobaki cha jani.

Akalisoma tena aliloandika.

"Hii ina mwenyewe," Laurensia akasema, akaiweka mapajani mwa Bibi.

Bibi hakulia, kama wengine walivyotazamia. Aliipapasa mshono, akalitafuta pengo kwa kidole gumba, akakiacha kidole pale. "Mkaidi yule," alisema. Deodatus, aliyekuwa amesogea mpaka karibu kuikanyaga kanna, alichungulia kwenye shimo kuona kama kuna kingine. "Na sanduku?" akauliza. Mtendaji akampa kijembe: "Sanduku ni hilo shimo. Lifukie."

Benadeta alirudisha maua yote, na jioni aliyamwagilia. Mpaka leo anapita kuyamwagilia, ingawa yameshashika na mtendaji ameshamwambia inatosha.

Kipigio kilikuwa kimeshikana kwa kutu. Dastan akakiloweka kwenye oili chafu ya pikipiki, akakigonga, akakichezesha, na Jumapili baada ya misa kikalegea. Wote walikuwa uani. Bibi kwenye mkeka, Benadeta kando yake, Eliud kwenye kigoda anachonga mpini wa jembe. Dastan akampa Bibi kengele mkononi.

Bibi akaitikisa. Ilitoa sauti nene, ya kukwaruza kidogo, iliyopita juu ya migomba na kwenda mbali. Kuku wakainua vichwa. Kwa Deodatus mbwa akabweka.

"Ndiyo yenyewe," Bibi akasema. Akaitikisa tena, akakunja uso. "Ila mwendo siyo. Mkono una haraka. Huu ni mlio wa kuita watoto wa shule."

"Subiri, Bibi," Dastan akasema. Akaifunga shingoni kwa kamba, akainama, akatembea uani kwa miguu na mikono, anatafuna majani ya uongo. Benadeta alicheka mpaka akajishika mbavu. Hata Eliud kisu kilimcheza mkononi.

"Huyu ng'ombe amelewa," Bibi akasema. "Alitoka kwa Deodatus." Wakacheka upya, na kengele ikalia ovyo ovyo, na Bibi akasikiliza yote akiwa ametulia, mikono imelala mapajani, uso umelainika kama wa mtu aliyefika alikokuwa anakwenda, bado tu kuvua viatu.

Kicheko kilipokwisha akageuza uso, si kwa Dastan, bali pale ambapo kisu kilikuwa kinachonga.

"Eliud, mwanangu."

"Naam, mama."

"Nitafutie Bihogo mwingine. Hata ndama. Afunge hii, apite hapo njiani mara moja tu, mdomo wazi, nimsikie."

Kisu kikanyamaza. Benadeta akamtazama baba yake mdomoni, akiingoja ile hapana, ambayo kwa kawaida ingekuwa imeshatoka tangu neno Bihogo. Eliud alikuwa anatazama ng'ambo ya uwanja, kwenye kahawa zake, pale lilipokuwa zizi. Aligeuza mpini mkononi, akaupuliza vumbi. "Mwekundu kama yule?" akauliza.